Sekunde Kumi na Mbili

Kila siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi, waonjaji wangu saba walisimama mbele ya meza ndefu ya vigae vyeupe, kila mmoja na safu yake ya vikombe ishirini, nami nilikaa kwenye kiti cha pembeni na kishikwambi mapajani. Chai ililowekwa dakika sita. Kengele ikilia, vijiko saba vilizama pamoja. Midomo saba ilivuta kwa kishindo, kama watu wanaokunywa uji wa moto huku wamechelewa, kisha chai ikatemwa kwenye ndoo na alama zikatajwa. Hatua moja kulia. Kikombe kinachofuata. Viwiko vilipanda na kushuka kwa wakati mmoja. Hata ile tabia ya kujifuta kona ya mdomo kwa kidole cha mwisho ilikuwa moja, kwa sababu wote saba walikuwa wanaonja kwa mdomo wa mtu mmoja.

Mimi nilishazoea. Wageni wa kiwanda hawakupenda kutazama kwa muda mrefu.

Jumatano ile, wiki ya pili tangu wahitimu, walifika kikombe cha kumi na nne na mwendo ukakatika. Hakuna aliyetema. Walisimama na chai mdomoni, mashavu yamejaa, macho yamewatoka. Kisha wakatema kwa pamoja, na Atuganile, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, akasema, "Imekufa."

"Imekufa," akasema Ipyana pembeni yake.

Neno likaenda hivyo mpaka mwisho wa meza.

Kazi hii ina maneno yake. Chai nzuri ina uhai. Iliyocheleweshwa kukaushwa imelala. Kuna mbichi, kuna yenye moshi, kuna yenye kutu. Imekufa halimo. Orodha ile niliiandika mimi mwenyewe kwenye mtaala.

Halafu wote saba wakageuza shingo kutazama mlango.

"Dada Tupoki," Ipyana akaniuliza polepole, "nani amefunga komeo?"

Mlango wa chumba cha kuonjea ni wa kioo. Unateleza wenyewe mtu akikaribia. Hauna komeo wala kitasa.

"Ipyana, acha utani kazini."

"Sitanii, dada. Ningekuwa natania ningesema nimemwona meneja anacheka."

Hakuna aliyetabasamu. Atuganile alikuwa ameweka kiganja sikioni, kama mtu aliyeingiwa na maji. Nikatazama namba ya kikombe. Chai ya Bonde la Nkwisa. Mitambo yetu ya kupimia ilikuwa imekipa nane, alama ya juu kuliko zote asubuhi ile.

*

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na kesho yake. Tulibadilisha mpangilio wa vikombe, tukakificha cha Nkwisa mwanzoni, tukakiweka katikati, tukafuta namba. Popote kilipokuwa, mwendo ulikatika hapo, neno lilikuwa lile lile, na baada ya neno shingo saba ziligeukia mlango.

Siku ya nane Meneja Shekilindi aliniita ofisini. Ni mtu mpole aliyekuja kwetu Rungwe kutoka Lushoto, na baridi ya huku haikumsumbua ila mvua yetu isiyokatika ilimchosha. Alikuwa amefungua mkataba wa wakulima juu ya meza.

"Bonde likikataliwa na waonjaji wote siku kumi za kazi mfululizo, linaondolewa," akasema. "Wewe unajua, mimi najua. Zimebaki siku mbili."

"Mitambo inawapa nane, bwana meneja."

"Wanunuzi hawanunui mitambo, binti yangu. Wananunua muhuri wa ulimi wa binadamu. Na ulimi tulio nao ndio huu."

Nkwisa ni kaya mia na arobaini. Hakuna kiwanda kingine upande ule wa mlima, na jani bichi la chai halimsubiri mtu. Likilala nusu siku bila kufika kiwandani ni la kulishia moto.

"Kwa hiyo waoshe," akasema. "Waoshe wote saba, tuanze upya na ulimi wa mrithiwa mwingine."

Nilimfahamu mtu mmoja aliyeoshwa. Aliitwa Ambwene, alikuwa mwonjaji wa kundi la kwanza kabisa. Walimtoa ujuzi waliomwekea, na ujuzi ukaondoka na kila kilichokuwa karibu yake. Siku hizi Ambwene anatia pilipili kwenye uji wa asubuhi, kijiko kizima, akitafuta kama atasikia chochote.

"Nitaangalia," nikasema.

Ndivyo ninavyosema ninapotaka kusema hapana. Wakubwa zangu wote wanadhani nimekubali.

*

Mashine yetu inaitwa Mrithishi. Mtu anayejua kazi anavaa kofia yenye nyuzi nyembamba kuliko nywele, anafanya kazi yake kama siku zote, na kofia inahifadhi kinachotokea kati ya ulimi, pua na mkono wake, huku kamera ya juu ya meza ikimrekodi. Bibi Anyegile aliivaa siku thelathini na sita kabla ya kustaafu. Alikuwa ameonja chai ya kiwanda hiki kwa miaka thelathini na mmoja. Baada yake wanagenzi walilala michana sita na kofia kichwani, wakaamka wanajua. Zamani mwonjaji alifundishwa miaka mitano.

Lakini kumbukumbu haiendi kwa mwanagenzi ikiwa mbichi. Mtu akiwa kazini anakohoa, anawaza mahindi yake shambani, anakumbuka deni la harusi. Lazima mtu mwingine akae aitazame yote na kukata kisichokuwa ujuzi. Mtu huyo ni afisa mafunzo. Ni mimi.

Basi jioni ile ya siku ya nane nilifungua kumbukumbu mbichi, ambayo sikuwa nimeigusa tangu niimalize. Nilimwona Bibi Anyegile kwenye kioo cha kishikwambi, na koti lake jeupe, akitembea kando ya meza. Vuta, geuza, tema, andika. Sekunde tano kila kikombe. Akafika kikombe cha Nkwisa. Akavuta. Akafumba macho. Akakaa hivyo na chai mdomoni, mkono wake wa kushoto umeshika ukingo wa meza. Nilihesabu. Sekunde kumi na mbili. Kisha akatema na kuandika nane.

Siku iliyofuata, kikombe cha Nkwisa, kumi na mbili. Iliyofuata pia. Alikuwa mwonjaji mwepesi kuliko wote nchini, na kwa siku thelathini na sita, kila alipofika kikombe kile, alisimama.

Kwenye kumbukumbu iliyosafishwa sekunde zile hazikuwapo. Ulimi ulifika kwenye chai, ukaruka moja kwa moja kwenye kutema. Pembeni, penye nafasi ya sababu, palikuwa na maneno haya: *Kusitasita. Sababu: umri.*

Chini yake palikuwa na jina langu.

*

Nyumba ya Bibi Anyegile iko juu ya kiwanda, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa tano. Siku ya tisa, baada ya kuonja kwa asubuhi, nilimkuta barazani, akiambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekonda. Wanakulisha vishikwambi huko?"

Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuambua maharage naye kwa kuwa sikujua pa kuanzia. Aliniacha. Yeye ndiye aliyenipokea kiwandani nilipotoka chuoni, ndiye aliyekuwa ananiambia niseme kwa sauti kwenye mikutano.

"Waonjaji wanaikataa chai ya Nkwisa," nikasema hatimaye. "Wote saba. Wanasema imekufa. Wanasikia komeo."

Vidole vyake vikaacha kazi.

"Komeo wanalisikia?"

"Ndiyo."

"Wanasikia mara ngapi?"

Sikuwa nimewauliza. Alitazama ukungu, akanyoosha vidole vinne, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Mara nne," akasema. "Waulize. Nyumba zilikuwa nne."

Akanisimulia bila kupandisha sauti. Ilikuwa mwaka wa ile homa ya kikohozi, barabara zimefungwa. Mwanawe Bupe alikuwa na miaka tisa. Alimbeba mgongoni kutoka juu, akipita Nkwisa kwenda zahanati, na mvua ikawakuta bondeni mchana, saa tisa. Mtoto alikuwa anatetemeka. Akaomba mahali pa kumkausha tu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye majiko ya watu, alinusa maharage yao. Nyumba ya kwanza walisikia mtoto akikohoa, wakafunga komeo. Ya pili wakafunga. Ya tatu. Ya nne walimsalimu kwanza, ndipo wakafunga.

"Alikufa ndani ya chai yao," akasema. "Katikati ya mistari. Nilimlaza pale nikamfunika na sweta lililolowa, kama vile lingemsaidia kitu."

Niliendelea kushika ganda moja la maharage mkononi.

"Tangu siku hiyo chai ya Nkwisa kwangu ni maiti. Siyo nachukia. Ni ladha, Tupoki, kama unavyosikia chumvi. Naweka mdomoni, nasikia makomeo. Lakini nikajiuliza, hawa watoto waliozaliwa baadaye wana kosa gani? Na hata wale wenyewe waliogopa tu, nao walikuwa na watoto ndani. Kwa hiyo nikawa nasubiri. Chai ipo mdomoni, nawaambia neno langu kimoyomoyo, mmoja mmoja, milango minne. Nikimaliza, nyuma ya ile maiti naipata chai yenyewe. Naiandika ilivyo. Ulimi hausamehi, mwanangu. Ulimi ni mnyama. Mkono ndio unaofundishika."

"Kila siku?"

"Ulidhani nilisamehe mara moja nikamaliza? Ingekuwa hivyo ningekuwa malaika. Kila asubuhi naanza upya." Akarudi kwenye ungo. "Sasa hao wanao, kwa nini hawasubiri? Nilisubiri na kofia kichwani. Kofia ilinipa mpaka vidonda."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema.

"Mashine iliruka, Bibi," nikasema. "Iliruka hizo sekunde."

"Mashine," akasema. Akaguna. Alinitazama kwa muda ambao sikuuhesabu.

*

Niliwakusanya wote saba kwenye chumba cha kurithi, kila mmoja akakaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Niliwauliza komeo linalia mara ngapi. Hawakutazamana. Walisema nne, kwa sauti moja, na yule kijana mpole wa mwisho akaanza kutetemeka kwa baridi ingawa chumba kina joto.

Niliwaeleza. Sikumtaja Bupe kwa jina. Nikasema kuna sekunde kumi na mbili ambazo hawana, na kwamba naweza kuwawekea mchana huu huu. Lakini sekunde hizo hazisimami peke yake. Ndani yake mna mtoto, na atakayezipokea ataamka akiwa amempoteza.

"Kwa hiyo nikilala saa saba," Ipyana akasema, "saa tisa naamka mfiwa."

"Ndiyo."

"Na matanga anakaa nani? Mama yangu ataniuliza nalia nini, nimwambie nalilia kazi?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, kisha akaona haya.

Atuganile hakucheka. Alikuwa anatazama viganja vyake. "Mimi wangu yuko darasa la tatu," akasema. "Anaitwa Neema, ana miaka tisa. Jana usiku alikohoa, dada. Kikohozi cha kawaida tu, cha vumbi la chaki. Nikajikuta nimesimama mlangoni kwake, nimeshika fremu, siwezi kuingia na siwezi kuondoka. Na hiyo ni bila kuwekewa. Ukiniwekea nitakuwa mama wa watoto wawili, mmoja amekufa, na nitamtazama Neema namna gani?"

"Basi tuoshwe," akasema mwingine.

"Kaoshwe wewe. Umemwona Ambwene?"

"Au tuandike nane tu. Tunajua ni nane. Tuonje, tuseme nane, twende nyumbani."

"Ukishasema uongo kwenye kikombe cha kumi na nne," Ipyana akamjibu, "cha kumi na tano nani atakuamini? Wewe mwenyewe utajiamini?"

Wakabishana hivyo, na nilisikia jambo lililonitia baridi kuliko komeo. Kila mmoja alipotaka kusisitiza neno, alijifuta kona ya mdomo kwa kidole cha mwisho. Saba. Nilikuwa nimewapa mkono wa yule mama, pua yake, ulimi wake na maiti yake. Kitu pekee nilichowanyima ni namna alivyoishi navyo.

"Dada Tupoki," Ipyana akaniuliza, "hiyo mashine iliruka vipi? Haijawahi kuruka hata nusu sekunde. Hata chafya yake ya siku ya tatu ninayo."

"Nitaangalia," nikasema.

*

Asubuhi ya siku ya kumi chumba cha kuonjea kilijaa. Meneja Shekilindi alisimama dirishani na karatasi ya kuliondoa bonde, tayari imeandikwa, imebaki sahihi. Mzee Mwakabonga, mwenyekiti wa wakulima wa Nkwisa, alikaa kwenye benchi na kofia yake magotini. Viatu vyake vilikuwa na tope mpaka kwenye kamba, maana alikuwa ameshuka na kupanda kwa miguu.

Kengele haikuwa imelia bado mlango ulipoteleza. Aliingia Bibi Anyegile, na koti lake jeupe, akishika mwavuli unaochuruzika.

Mzee Mwakabonga akasimama haraka kuliko umri wake. Hakumsalimu. Alitazama sakafu, akabaki amesimama.

"Nimekuja kuonja," Bibi akamwambia meneja. "Mimi sijaoshwa."

"Bibi, umestaafu. Muhuri wako…"

"Sijaomba muhuri. Nimekuja kuwafundisha hawa. Mafunzo yao hayakuisha." Akanigeukia. "Au siyo, afisa mafunzo? Si ulisema mashine iliruka?"

Wote wakanitazama. Meneja, waonjaji saba, yule mzee wa tope. Nilihisi uso unawaka. Maji yalikuwa yanachemka nyuma yangu na nilitamani yapige kelele zaidi. Nikafikiri kwamba naweza kusema nitaangalia, na hakuna atakayejua, maana ni mimi peke yangu mwenye ufunguo wa kumbukumbu mbichi.

"Mashine haikuruka," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu."

"Haikuruka. Ni mimi niliyekata. Nilimwona Bibi amesimama sekunde kumi na mbili, nikaandika kusitasita, sababu umri. Sikumuuliza. Nilikuwa na siku mbili za kumaliza na nilitaka wanagenzi wawe wepesi. Waonjaji hawana kosa na Nkwisa haina kosa. Kosa lina jina langu, bwana meneja, liko kwenye kumbukumbu."

Meneja Shekilindi aliitazama karatasi yake. Hakuikunja, lakini aliishusha.

Bibi hakunisifu wala hakunilaumu. Alivua koti lililolowa begani, akasimama mwisho wa meza kama mwonjaji wa nane, akaomba kijiko. "Tuanze na Nkwisa," akasema. "Na leo hakuna kutema mpaka niseme."

Vijiko vinane vilizama. Kishindo kilikuwa kimoja. Kisha kimya.

Nilijua wanasikia nini. Niliona shingo zikianza kugeukia mlango, na Bibi akainua kidole, zikarudi. Komeo la kwanza lilipita usoni kwao wote kama kivuli. La pili. Atuganile machozi yalimtoka huku mdomo umefumbwa. La tatu. La nne. Sekunde zilipita kumi na mbili, zikapita ishirini, na Bibi alikuwa bado ameshika ukingo wa meza. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika kidogo. Nikaona kwamba leo hawezi. Mbele ya yule mzee, leo neno halitoki.

Ipyana alishindwa kuvumilia. Akatema.

"Bibi, samahani," akasema. "Mimi sijafungiwa mlango na mtu. Nimesimama hapa na maiti mdomoni na sina la kumwambia. Tunasubiri nini?"

Bibi Anyegile akameza ile chai. Mwonjaji hamezi, sijawahi kumwona mwonjaji akimeza. Akaufuata urefu wa meza, taratibu, mpaka mbele ya benchi.

"Mwakabonga," akasema. "Nyumba yako ilikuwa ya nne. Wewe ndiye uliyenisalimu."

"Ndimi, mama." Sauti yake haikufika nusu ya chumba. "Nilikuwa nimeshika komeo na mke wangu ananivuta shati. Miaka yote hii nasubiri uikatae chai yetu. Kila alama ikija nane najiuliza, huyu mama anatufanya nini?"

"Nilikuwa nawaambia neno. Kila asubuhi nilikuwa nawaambia, ila nililimeza mwenyewe, hamkulisikia."

"Neno gani, mama?"

Mvua ilikuwa inapiga kioo, na waonjaji sita walikuwa bado wamefumba midomo, wanamtazama.

"Nimewasamehe," akasema Bibi Anyegile. "Kwa leo. Kesho njooni tena mniulize."